Wanasesere Waliohamia Kawangware

Siku ambayo wanasesere walianza kuondoka, Mideva alikuwa amekaa mlangoni mwa nyumba yake Gatwekera akikunja goti. Goti la mwanasesere hukunjwa mara mbili: kwanza kwa koleo, ili waya ujue mahali pa kupinda, kisha kwa vidole, ili usipinde kama askari wa gwaride. Huku akikunja alikuwa akiusimulia waya habari za bei ya unga. Hakuwa na wazimu. Redio yake ilikuwa imeharibika.

Kazi yake ilijulikana kuanzia Kisumu Ndogo hadi Olympic. Madukani kulikuwa na midoli ya plastiki ya Kizungu, yenye miguu migumu, ambayo ukiikalisha inalala chali na kukodolea dari macho. Wanasesere wa Mideva walikuwa wa kitambaa. Ngozi yao ilikatwa kutoka fulana za mitumba za rangi ya kahawia, nywele zilikuwa za uzi wa sufu uliosukwa, na nguo zilishonwa kwa vipande vya kitenge walivyobakisha mafundi wa cherehani. Ndani yao, mahali ambapo mtoto haoni, kulikuwa na mifupa ya waya: mmoja wa uti wa mgongo ambao juu ulizunguka ukawa kichwa, mmoja wa mikono, mmoja wa miguu. Ncha zote zilikunjwa kitanzi na kufungwa kitambaa zisimdunge mtu. Juu ya waya Mideva alizungusha sponji ya godoro kuukuu, na juu ya sponji akavisha ngozi. Mwanasesere wa namna hiyo ukimkalisha, alikaa. Ukimshikisha kiuno, alishika kiuno mpaka umwachilie.

"Huyu anakaa vile umemweka," Mideva alizoea kuwaambia wateja. "Hata bwana yako hawezi."

Alikuwa amemaliza goti la kushoto wakati Yvonne alipotokea. Yvonne alikuwa na saluni kando ya reli, na mwanasesere wake alikaa siku zote chini ya mashine ya kukaushia nywele, miguu amepishanisha, kama mteja anayesubiri.

"Mathe, niaje. Doll yangu imehepa."

"Imeibiwa?"

"Haijaibiwa. Nilikuwa nasuka mtu. Ikashuka kwa kiti pole pole, ikapita hapo katikati ya miguu ya customer, ikasukuma mlango. Nikadhani inaenda choo."

Mideva aliweka koleo chini. "Ilikuwa imevaa viatu?"

"Imevaa."

"Basi inaenda mbali."

Yvonne alikubali kwamba hilo lilikuwa na maana. Hakuwa amekasirika sana. Alisema tu kwamba wakati wa kununua angeambiwa kama ni ya kutembea, kwa sababu angeiweka kwa dirisha la juu. Mideva alimwahidi nyingine, na Yvonne akarudi kwa nywele zake.

Kufikia jioni wateja wengine walikuwa wametuma ujumbe kwenye kikundi cha simu. Wa mama wa maandazi alikuwa ameondoka na kofia ya mtoto. Wa pasta aliondoka katikati ya ibada, lakini alisubiri sala iishe. Hakuna aliyejua walikokwenda. Wote walisema kitu kimoja: walielekea juu, upande wa Ngong Road, nao walitembea kama watu waliochelewa kazini.

Mideva hakulala vizuri, kwa sababu alikuwa na wanasesere wengine kitandani mwake, wamepangwa safu, tayari kwa duka la zawadi upande wa Lavington. Lilikuwa agizo lake la kwanza la maana. Mwenye duka alikuwa amemwambia kwamba wakipendwa atachukua wengine kila mwezi, na Mideva alikuwa ameshaanza kujiona ndani ya chumba cha kazi chenye mlango wa kioo unaotazama barabara, ambako wateja wangeingia bila kuruka mtaro wa maji machafu.

Asubuhi wanasesere wa Lavington waliamka kabla yake. Alipofungua macho, wa mwisho alikuwa akiteremka kitandani kwa kushikilia shuka. Mideva hakuwazuia. Alivaa sweta, akafunga mlango kwa kufuli, akawafuata.

Walipanda hadi Olympic, wakapita Jamhuri, wakafika Ngong Road. Hapo walivuka kwa daraja la miguu, jambo ambalo watu wengi huona ni kupoteza wakati. Walipofika Naivasha Road walitembea pembeni, mmoja nyuma ya mwingine, wakizikwepa boda boda. Muuza miwa aliwatazama, akamtazama Mideva.

"Ni wako?"

"Ni wangu."

"Wana adabu," akasema yule mtu, akaendelea kumenya.

Huko Kawangware, nyuma ya soko, waliingia kichochoro, wakatokea mbele ya shule ya chekechea yenye vyumba viwili vya mabati. Kando ya shule palikuwa na kiwanja cha udongo mwekundu, na nusu kubwa ya kiwanja hicho ilikuwa imejaa mchanga, kokoto na mawe ya kujengea. Wanasesere waliotangulia walikuwa wameshafika. Walikuwa wamesimama katikati ya kokoto, mstari mmoja ulionyooka tangu ukuta wa choo hadi barabarani, na kila mmoja alikuwa amemshika mwenzake mkono. Wa Yvonne alikuwepo. Wa pasta alikuwepo. Wa Lavington waliingia kwenye mapengo, wakanyoosha mikono, wakashikana, wakatulia.

Mwanamke aliyekuwa akiosha vikombe vya uji nje ya darasa alijifuta mikono, akamjia Mideva. Alikuwa Ndunge, mwalimu wa shule ile.

"Sasa," alisema. "Wewe ndio mwenye hawa?"

"Ni mimi. Wamekusumbua?"

"Hapana. Wamesimama tu mahali fence ilikuwa."

Ndunge alimweleza bila kupandisha sauti. Kiwanja kile kilitolewa na mzee mmoja wa hapo, marehemu Antony, enzi ambazo Kawangware bado kulikuwa na mashamba ya mahindi. Hakuandika chochote. Aliwaita watoto, akawapa kila mmoja ashike waya, akaukaza yeye mwenyewe kwenye nguzo tangu chooni hadi barabarani, akasema upande huu ni wenu, mcheze. Watoto wale sasa ni watu wazima, wengine wana wajukuu. Mzee alipofariki, mwanawe Naftaly alingoja matanga yaishe, kisha aling'oa ua, akaweka ua mwingine wa mabati karibu kabisa na dirisha la darasa, na kumwaga mchanga. Palipobaki ni kipande chembamba kama ushoroba.

"Watoto waliniuliza uwanja umeenda wapi," Ndunge alisema. "Nikawaambia umesonga kidogo."

"Na huyo Naftaly ulimwambia nini?"

"Nilimwambia ni dhambi. Akaniambia ni ghorofa."

Mideva alitoa simu na kumpigia Wepukhulu, muuza vyuma vikuukuu wa Kisumu Ndogo, ambaye ndiye aliyekuwa akimpa waya.

"Wepu, ule waya wa mwisho ulitoa wapi?"

"Kawangware. Kuna mzee alikuwa anabomoa fence. Si nilikuambia ni waya mzuri? Umesimama kazi miaka mingi."

"Ulikuwa na shida gani?"

Wepukhulu alifikiri. "Shida haikuwa kwa waya," alisema.

Mideva alikata simu. Alimtazama mwanasesere mmoja aliyekuwa karibu na ukuta wa choo, msichana wa gauni la maua ya machungwa, aliyemshona wakati wa mvua. Mkono mmoja ulikuwa umeshikwa na jirani yake. Wa pili alikuwa ameuweka kiunoni. Mideva hakukumbuka kumweka hivyo. Alihisi kitu kilicho kati ya fahari na aibu, kama mzazi aliyeitwa shuleni na bado hajaambiwa ni kwa zawadi au kwa adhabu.

Naftaly mwenyewe alifika wakati watoto wakinywa uji. Alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, mzee wa kanisa, amevaa gambuti na koti la suti. Aliwasalimu wote kwa mkono, pamoja na watoto, kisha akawageukia wanasesere.

"Wewe ndio mama wa hizi doll?"

"Ndio, mzee."

"Ni kazi safi. Sasa toa watu wako kwa plot yangu."

"Si plot yako, Mzee Naftaly," alisema Ndunge. "Baba yako alitupatia."

"Baba alikuwa amezeeka. Mtu akizeeka anaanza kupeana vitu."

"Lakini ilikuwa yake."

"Ndio nasema. Kama haingekuwa yake, mimi ningepata wapi?"

Alisema hivyo akiangalia mstari wote, mwanasesere baada ya mwanasesere, mpaka macho yake yakafika kwa yule wa gauni la machungwa. Marehemu baba yake alikuwa na desturi ya kusimama hivyo, mkono kiunoni, akiwa amekuuliza jambo na anangoja jibu. Naftaly alizunguka upande wa pili wa rundo la kokoto ili asimwone, akamaliza mazungumzo akiwa huko.

Mideva aliwakusanya wanasesere wote kwenye gunia, akawarudisha Gatwekera. Hawakupinga. Asubuhi walitoka. Akawarudisha tena. Wakatoka tena, na safari hii mmoja alibeba gunia, amelikunja vizuri, kwa kuwa alijua litahitajika. Akawafungia ndani ya sanduku la bati na kukalia kifuniko, lakini mtu hawezi kukalia sanduku maisha yake yote. Mwenye duka la Lavington alipiga simu kuuliza mzigo. Mideva alimwambia mzigo uko Kawangware, unashughulikia mambo ya ardhi. Mwenye duka alisema anaelewa, kwamba hata yeye ana kesi ya namna hiyo kwao, na kwamba anaweza kungoja kidogo.

Ndipo Naftaly alipokuja Gatwekera mwenyewe. Aliruka mtaro kwa uangalifu, akaketi kwenye kigoda, akapewa chai, akasifu chai.

"Mama, mimi si mtu mbaya," alisema. "Nimekuja tuongee kama watu. Hiyo ghorofa yangu itakuwa na maduka chini, yanaangalia barabara. Kuna moja ya kona. Ina mlango wa kioo. Nikupatie, ukae hapo na kazi yako, sitaki kodi. Lakini utoe huo waya ndani yao. Wote. Uniletee niuyeyushe."

Mideva aliangalia chai yake. Hakuwa amemwambia mtu yeyote habari za mlango wa kioo.

"Ni mlango wa kusukuma ama wa kuvuta?" aliuliza.

"Pande zote mbili," alisema Naftaly.

Alipoondoka, Mideva alimchukua mwanasesere mmoja, mvulana wa suruali ya khaki, akamlaza mapajani na kutoa wembe. Alimweleza kwamba hataumia. Mvulana alielewa mara moja. Alikunja mkono wa nguo, akaunyoosha mkono mbele na kugeuza uso pembeni, kama mtoto wa kliniki ambaye ameambiwa asitazame sindano.

Mideva alipasua mshono wa kwapa, akafunua ngozi, akafungua sponji iliyozungushwa, akavuta waya wote, mifupa yote mitatu. Ngozi ilibaki mapajani, laini, bila mtu. Waya aliuweka mezani na kwenda kuchota maji. Aliporudi, waya ulikuwa umejipinda ukawa na miguu, ukashuka mezani, na ukawa unaelekea mlangoni. Ulitembea polepole kuliko kawaida, mkono mmoja umefunika kifua na mwingine umefunika mapaja, kwa kuwa ulikuwa uchi na nje kulikuwa na watu.

Mideva alimwita. Waya ukasimama. Alikaa chini, akazungusha sponji upya, akavisha ngozi, akashona kwapa kwa mishono midogo kuliko ile ya kwanza, akampigia pasi suruali ya khaki na kumvisha. Alipomaliza aliona kwamba alikuwa akilia, akakasirika, kwa sababu machozi huacha alama kwenye kitenge.

Kesho yake alimpigia Naftaly simu.

"Nimeshindwa, mzee. Bila nguo bado wanakuja. Na siwezi kuwaacha watembee hivyo barabarani, watu wa Naivasha Road watasema nini?"

Naftaly alisema sawa. Hakuwa mtu wa kinyongo. Duka la kona alimpa muuza nyama.

Baada ya hapo jambo lilifikishwa kwa kamati ya wazee wa mtaa, ambayo iliketi chini ya turubai kando ya kiwanja. Ndunge alizungumza, Naftaly alizungumza, na watu wazima watatu waliowahi kushika waya wakiwa watoto walisimama na kuonyesha jinsi walivyoushika. Ndunge akaomba wanasesere nao watoe ushahidi. Mwenyekiti alilichukulia ombi hilo kwa uzito.

"Wana vitambulisho?"

"Hawana," alisema Mideva.

"Basi hawawezi kuwa mashahidi. Wanaweza kuwa wageni waalikwa."

Wanasesere waliletewa benchi. Walishukuru kwa kuinamisha vichwa lakini hawakukaa.

Ili jambo liishe, Naftaly alimleta mpima ardhi wake, kijana aitwaye Kagiri, mwenye mashine ya miguu mitatu na miwani ya jua. Kagiri alipima kuanzia barabarani, akapima kuanzia chooni, akapima kuanzia kwenye mti wa jirani, kisha akachukua nyundo na kigingi cha chuma kuweka alama. Kila alipotaka kupigilia, mwanasesere aliyesimama hapo alitanua miguu kidogo, na kigingi kiliingia katikati. Ilikuwa hivyo mstari mzima. Kagiri alivua miwani.

"Wako sawa," alisema. "Hata mimi ningekosea kidogo hapo kwa choo, lakini wao hawajakosea."

Watu wakapiga makofi. Ndunge akafunika mdomo kwa leso. Mideva, ambaye hakuwa na plot mahali popote duniani, alihisi kama amegawiwa moja.

"Kwa hivyo mpaka ni huo," alisema mwenyekiti.

"Mpaka ni huo," alisema Kagiri.

"Na plot ni ya nani?"

"Pande zote mbili zimeandikwa jina la Mzee Naftaly. Marehemu hakubadilisha. Mimi naonyesha mpaka uko wapi. Sionyeshi huku ni kwa nani na kule ni kwa nani."

Kamati ilinong'onezana kwa muda. Mwenyekiti akasema kwamba wamefurahi sana kujua ukweli, kwamba si kila mtaa hupata bahati ya kujua ukweli, na kwamba ujenzi uendelee. Akafunga kikao kwa maombi. Naftaly ndiye aliyeombwa kuongoza, naye aliomba vizuri, akiwataja watoto.

Ghorofa ilipanda. Mwanzoni mafundi waliwahamisha wanasesere kila asubuhi na kuwakuta wamerudi mchana, wamesimama kwenye zege mbichi hadi magotini. Fundi mkuu alichoka kuwaosha. Alijenga kuta juu yao, na kila ukuta ulipokutana na mstari aliacha tundu dogo chini ili washikane mikono. Alisema asipofanya hivyo plasta itapasuka. Mstari ulipita hivi: katikati ya bucha ya kona, sebuleni mwa nyumba ya kwanza, jikoni mwa ya pili, bafuni mwa ya tatu, na chumba cha kulala cha nyumba ya mwisho, iliyokuwa kubwa kuliko zote.

Wapangaji walikuja kutafuta nyumba.

"Hawa ni wa nini?" waliuliza.

"Ni mpaka," alisema mlinzi.

"Wanakula?"

"Hawali."

"Maji ni kila siku?"

"Mara mbili kwa wiki."

Wakachukua nyumba. Mama wa nyumba ya kwanza aliwatandikia wale wa kwake kitambaa cha kufuma. Mwenye bucha aliwafunika wake kwa karatasi ya nailoni wasirukiwe na damu. Wa bafuni wote walikuwa wavulana, na mpangaji wa hapo, msichana wa benki, alimwomba Mideva awashonee vitambaa vya macho. Aliwashonea.

Nyumba ya mwisho tu ndiyo iliyokosa mtu. Kila aliyeingia chumba cha kulala alimkuta yule wa gauni la machungwa, mkono kiunoni, anangoja jibu, na kila mmoja alikumbuka jambo ambalo hakuwahi kumjibu mtu fulani, akaondoka. Naftaly alichukia kuona nyumba inakaa bure. Alihamia humo yeye mwenyewe pamoja na mkewe Wakarima.

Chumba kilikuwa chembamba, na kitanda cha Naftaly kilikuwa kikubwa, cha mbao ya mvule. Kiliingia kwa namna moja tu. Mwanasesere akawa amesimama juu ya kitanda, kati ya mito miwili. Wakarima alimtazama mwanasesere, akamtazama mumewe. Alikuwa ameishi na mkwewe miaka mingi na alimpenda yule mzee.

"Mimi nitalala huku," alisema, akakaa upande wa mlango. "Huku ni kwetu. Wewe lala huko kwa watoto."

"Kitanda ni changu chote," alisema Naftaly.

"Ndio. Lala tu."

Naftaly alilala. Tangu siku hiyo huamka na mgongo unaouma, naye anasema ni godoro. Kila asubuhi humsalimia yule wa gauni la machungwa, huvaa koti, na kwenda kugonga milango ya wapangaji. Hajamjibu, na yeye hajaacha kungoja. Wameshazoeana.

Mideva alinunua waya mpya dukani, uliofungwa kwenye karatasi, usiowahi kuzunguka kitu chochote. Aliwatengeneza wanasesere wengine kwa ajili ya Lavington na kwa ajili ya Yvonne na pasta. Hao wanakaa vile umewaweka. Bado anafanyia kazi mlangoni, Gatwekera, na wateja bado wanaruka mtaro. Jumamosi huenda Kawangware na mfuko wa sindano na nyuzi, hupita nyumba kwa nyumba, hubisha hodi, hukaribishwa, huinama chini ya meza na nyuma ya jiko, hubadilisha gauni lililofifia, hukaza kifundo kilicholegea. Mama wa nyumba ya kwanza humwekea chai. Wakarima humfungulia chumba cha kulala na kuondoka, ili awe peke yake na kazi.

Watoto wa Ndunge hucheza kwenye kipande kilichobaki kati ya dirisha la darasa na ukuta wa ghorofa. Wawili hawawezi kupishana. Wamebuni michezo ya hapo. Kujificha huchezwa kwa kufumba macho tu. Mpira hupigwa juu. Mbio hukimbiwa mmoja nyuma ya mwingine, kwenda hadi mwisho, halafu wote wanarudi kinyumenyume.

Mwaka huu shule za chekechea za mtaa zilifanya siku ya michezo kwenye uwanja wa kuazima, uwanja mpana wenye nyasi, na Ndunge alimwomba Mideva aje kusaidia kushika maji. Mgeni wa heshima alikuwa Naftaly. Alifika na kofia mpya, akakaa chini ya mwavuli. Katika mbio za mstari ulionyooka, watoto wa Ndunge walichukua nafasi zote. Hakuna aliyewakaribia. Walikimbia wakiwa wamebana viwiko, mmoja nyuma ya mwingine, macho mbele, kama maji ndani ya bomba. Naftaly alisimama kuwapigia makofi.

"Hawa wana kipaji," alimwambia mwenyekiti aliyekaa kando yake. "Sijui wanakitoa wapi."

Watoto walikata utepe na hawakusimama. Walipita meza ya zawadi, wakapita hema, wakaendelea moja kwa moja kwenye ile nyasi yote, kwa kuwa hakuna aliyewahi kupata mahali pa kuwafundisha kukata kona. Ndunge alipiga filimbi. Mideva aliweka debe la maji chini, akafunga leso kiunoni na kuwafuata mbio. Aliwafikia kwenye ua wa mwisho wa uwanja, wamesimama safu, pua zimegusa waya, wanahema. Akawashika mabega, mmoja baada ya mwingine, akawageuza.